Sura ya Nne Inabaki

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, uliyekatisha kikao kingine ili uje kuketi nasi kwenye viti hivi vya plastiki, Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo, wakuu wa idara jirani, pamoja na ninyi mnaokuja kuazima barafu yetu na hamjairudisha mpaka leo, mtahini wetu wa nje, uliyesafiri tena kuja kwetu ingawa safari hii hakuna aliyekulazimisha, wazazi, wakwe, ndugu na jamaa wa binti yetu, wanafunzi wangu, na ninyi mlioona watu wamevaa vizuri mkadhani humu ndani kuna chakula, mmefikiri sawasawa. Nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake, na kila mmoja ajisikie yuko kwake.

Mimi ni msimamizi wa masomo wa binti tunayempongeza leo. Nimeombwa nizungumze kwa ufupi. Mkuu wa Kitivo alinishika mkono pale mlangoni akaniomba pia nisiizungumzie friji yetu iliyoharibika, nami nikamwahidi kwamba sitaizungumzia, kwa hiyo sitasema imeharibika tangu lini wala inatoa mlio gani. Leo ni siku ya furaha. Nimekuja kuringa, na nawaomba mnivumilie, maana mwalimu hapati kuringa kila siku.

Katika maabara yetu hatumwiti binti huyu jina alilopewa na wazazi wake. Tunamwita Rudia. Kwa nini Rudia? Kwa sababu ukimpelekea jibu zuri ulilopata, ukiwa umechangamka, unatafuta mtu wa kukupongeza, yeye atalitazama, atatikisa kichwa taratibu, na atakuambia, "Rudia." Ukimpelekea jibu baya, ukiwa umekata tamaa, atakuambia vilevile. Wapo wenzake waliokuwa wakimwona anakuja kwenye ujia wanajifanya wanaongea na simu. Mtaalamu wetu wa mitambo alipotutangazia kwamba amepata mchumba, sisi wengine wote tulimtazama Rudia kwanza, tusikie kama na hilo nalo atamwambia arudie.

Mama mzazi, wewe ni fundi cherehani, na watu wa kazi yako hawapendi kusifia nguo ambayo hawajaigeuza wakaona mishono ya ndani. Uliniuliza asubuhi hii mwanao amekuwa akifanya nini miaka yote hii kwenye kile chumba chenye madirisha yaliyobandikwa karatasi nyeusi. Ukaniambia wewe unachojua ni kwamba ni mambo ya wadudu. Hukukosea sana. Naomba wasomi wanivumilie kidogo nimweleze mama, na wale wasomi ambao nao hawakuwahi kuelewa wasikilize wakijifanya wanamsindikiza.

Mama, kila seli ya mwili wako ina maelekezo yote ya mwili mzima. Seli ya jicho ina maelekezo ya figo, na seli ya figo ina maelekezo ya jicho. Sasa kwa nini figo haioni? Kwa sababu maelekezo hayo, tunayoyaita jeni, mengine yamewashwa na mengine yamezimwa, na mbele ya kila jeni kuna kipande kinachofanya kazi ya swichi. Swichi hiyo tunaiita promota. Mwanao alikuwa anachunguza swichi moja tu, ya jeni moja, inayozilinda seli za figo zinapoumizwa na sumu. Alikuwa na dawa mkononi, na swali lake lilikuwa hili: je, dawa hii inaiwasha swichi ile, au haiiwashi?

Utajuaje? Swichi yenyewe huioni, na ikiwashwa haitoi mlio. Hapo ndipo wanapoingia wadudu wako. Kimulimuli ana jeni inayotengeneza kitu kinachoitwa lusiferasi, na lusiferasi ukiipa chakula chake inatoa mwanga. Kwa hiyo tunaikata swichi, tunaitenga na jeni yake, tunaiunganisha mbele ya jeni ya kimulimuli, tunavifunga vyote kwenye kijiduara cha DNA kinachoitwa plazmidi, halafu tunakiingiza kwenye seli zinazoishi kwenye visahani vyetu. Seli ikiiwasha swichi, mwanga unatoka. Ikiiwasha sana, mwanga mwingi. Ikiiwasha kidogo, mwanga kidogo. Mwanga wenyewe ni mdogo mno kwa macho yetu, kwa hiyo tuna mashine ya kuupima, mashine ya zamani tunayoiita Bibi, kwa sababu lazima ipashwe moto kwanza, iachwe ipumue, na isisemeshwe kwa haraka. Hiyo ndiyo kazi ya mwanao, mama: kutengeneza taa inayotuambia kama swichi imewashwa.

Na kwa kuwa hatuaminiani, tunaweka taa mbili. Visahani havifanani, kimoja kitapokea plazmidi nyingi, kingine chache, kimoja kitakuwa na seli zilizoshiba, kingine zimedhoofu. Basi pamoja na taa ya kimulimuli tunaweka taa ya pili, ya rangi nyingine, iliyotolewa kwa mnyama mmoja laini wa baharini. Taa hiyo ya pili haitakiwi kubadilika. Kazi yake ni kuwa mizani. Unachukua mwanga wa kimulimuli unaugawanya kwa mwanga wa mnyama wa baharini, na jibu la kugawanya ndilo unaloliamini. Wanafunzi wote wa fani yetu wanafundishwa hivyo, na mwanafunzi anayetuletea mwanga wa kimulimuli bila kuugawanya tunamtazama kama mtu aliyekuja kazini bila viatu.

Sasa nawapeleka kwenye chumba cha utetezi wa tasnifu. Wengine mlikuwepo. Meza ndefu, chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua, feni inayozunguka kwa kusuasua, na Rudia amesimama mbele na Sura yake ya Nne. Sura hiyo inasema dawa inaiwasha swichi. Alikuwa na ushahidi wa njia nyingine: seli zikipewa dawa, ujumbe wa jeni ile, yaani nakala inazotoa ikiwashwa, unaongezeka ndani ya seli. Lakini taa mbili, zikishagawanywa, zilisema hapana. Zilisema hakuna kilichobadilika. Rudia akaliambia jopo, mbele yangu, mbele ya watu wazima wenye vyeo, kwamba anadhani tatizo haliko kwenye swichi yake. Tatizo liko kwenye taa ya pili.

Mtahini wetu wa nje, yule mzee pale mwenye miwani iliyofungwa kamba, nakuheshimu na wewe unajua, aliivua miwani hiyo, akaipangusa, akaivaa, na akasema neno ambalo wanafunzi wangu bado wanaliiga kwenye ujia, na sauti wanaipatia. Alisema, "Binti, kila mwanafunzi anayeshindwa huanza kuilaumu mizani."

Je, alikosea kusema hivyo? Hapana. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye majopo mengi, na kama ningekuwa upande wake wa meza, nikimsikiliza mwanafunzi nisiyemjua akiikana taa ambayo dunia nzima ya fani yetu inaitumia, ningesema maneno makali kuliko hayo. Jopo likaamua Sura ya Nne itolewe. Na bila Sura ya Nne, ndugu zangu, tasnifu ile haikuwa tena ya udaktari. Ilikuwa kazi safi, iliyoandikwa vizuri, ya kumpa shahada ya uzamili, ambayo anayo tayari, imetundikwa ukutani kwa mama yake juu ya cherehani. Miaka yote ile ingeishia kwenye cheti cha pili cha kitu kilekile. Rudia akaulizwa kama anakubali. Akasema, kwa upole kabisa, "Siitoi." Wakampa mpaka mwisho wa muhula aithibitishe au aitoe.

Nawaambieni ukweli, niliogopa. Sikuionyesha hofu yangu, kwa sababu msimamizi akionyesha hofu maabara nzima inaharisha, na mniwie radhi kwa neno hilo, waheshimiwa. Lakini niliogopa. Ninawajua wanafunzi waliosema "siitoi" kwa sababu walikuwa sahihi, na ninawajua waliosema hivyo kwa sababu walikuwa wamechoka na hawakuweza tena kufikiri.

Wiki ile mama mzazi alikuja ofisini kwangu. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Hakukaa. Aliniuliza, "Profesa, niambie bila kunificha. Mwanangu ana haki, au ni mkaidi tu?"

Nikamjibu, "Mama, ana vyote viwili."

Alicheka, kisha machozi yakamtoka, kisha akajifuta kwa ncha ya kitambaa chake. Akasema kama ana haki basi yeye hatamwambia aitoe hiyo sura, na akaenda zake. Mama, sikuwahi kukushukuru kwa siku ile. Ungeweza kumwambia mwanao amalize tu, apumzike, watu wameshaanza kuuliza. Hukumwambia. Nakushukuru leo mbele ya watu.

Basi Rudia alifanya nini? Kwanza alifanya jambo ambalo sisi wote tulikuwa tumeacha kulifanya. Bibi, mashine yetu, anaonyesha kwenye skrini jibu lililokwisha kugawanywa. Alipangwa hivyo na mtu aliyeondoka zamani, kwa nia njema, ili kuturahisishia kazi. Namba zenyewe, kabla ya kugawanywa, ziko ndani, zimefichwa, na kuzitoa ni usumbufu. Rudia akazitoa. Akakuta kwamba kwenye visahani vyenye dawa, mwanga wa kimulimuli ulikuwa umepanda, tena umepanda sana. Na mwanga wa taa ya pili ulikuwa umepanda pamoja nao, bega kwa bega. Ukigawanya kilichopanda kwa kilichopanda, utapata nini? Utapata kana kwamba hakuna kilichotokea. Swichi ilikuwa inawaka muda wote, na sisi kwa mikono yetu wenyewe tulikuwa tunaizima kwenye hesabu.

Mwingine angekimbia na jibu hilo. Yeye alijiambia arudie. Pengine visahani vya dawa vilikuwa na seli nyingi zaidi? Akahesabu seli, zilikuwa sawa. Pengine taa moja inaisukuma nyingine? Akaweka taa ya pili peke yake, bila kimulimuli, akaipa dawa. Ikapanda. Akarudia. Ikapanda tena. Taa tuliyoiweka iwe shahidi wetu kuhusu dawa ilikuwa yenyewe inawashwa na dawa ileile. Kwa sababu nayo ina swichi yake, ndugu zangu, swichi kali iliyotolewa kwenye kirusi, nayo inaisikia dawa hii. Nani kati yetu aliwahi kuuliza? Chupa ya taa hiyo ilikuwa kwenye friji, samahani, nimeitaja friji, ilikuwa kwenye friji, na kila mtu aliichukua kwa sababu jirani yake aliichukua, tukawa tunapokezana kama chumvi mezani.

Kuvunja mizani ya watu bado hakukutosha. Ilibidi alete nyingine. Akatafuta taa ya pili yenye swichi isiyoisikia dawa, na safari hii akaijaribu kabla ya kuiamini. Kisha akatengeneza plazmidi ambayo swichi yake imevunjwa makusudi: akabadilisha herufi chache tu za DNA, pale anapodhani dawa inashikia. Kama ana haki, swichi nzima itawaka kwa dawa, na iliyovunjwa haitasikia kitu. Mnadhani ilikuwa rahisi? Bakteria tunaowatumia kuzalisha plazmidi walimgomea. Visahani vilirudi vitupu wiki baada ya wiki. Shemeji yetu, mume wa Rudia, mwalimu wa hesabu, alikuwa anampeleka mtoto shule, anampikia, anamfulia, na siku za Jumamosi anamleta mtoto huyo aje amsalimie mama yake mlangoni. Shemeji, wanaume wengi hujisifu kwamba wanawaunga mkono wake zao, wewe sijakusikia ukijisifu hata siku moja, kwa hiyo nimekusaidia kujisifu.

Muhula ulipokaribia kwisha plazmidi ikapatikana, na taa zikasema kile alichokuwa anakisema yeye tangu mwanzo. Tukampelekea habari mtahini. Mtahini akajibu kwamba haamini karatasi, anakuja.

Na akaja. Hakutaka chai, hakutaka salamu ndefu. Akavaa koti la maabara lililombana mabegani, akachukua seli za swichi nzima na seli za swichi iliyovunjwa, akatutoa wote nje. Humo ndani akavichanganya visahani, vingine akavitia dawa, vingine akavitia maji matupu, na badala ya kuviandika majina akavichorea: nyota, samaki, jua, mguu wa kuku. Maana ya michoro hiyo aliibeba kichwani mwake na hakumwambia mtu. Seli zikaachwa zifanye kazi, na kesho yake tukakutana mbele ya Bibi. Bibi akapashwa moto. 

Rudia akasoma namba. Akasema nyota ni swichi nzima yenye dawa, hakuna shaka, inawaka kuliko vyote. Samaki ni swichi nzima isiyo na dawa. Ina mwanga wake wa kawaida. Jua na mguu wa kuku zina mwanga hafifu kabisa, kwa hiyo zote mbili ni swichi iliyovunjwa. Mzee akaitikia kwa kichwa mara tatu. Kisha akamtupia swali.

"Kati ya jua na mguu wa kuku, ipi ina dawa?"

Ndugu wageni, sikilizeni hapa. Namba zile mbili zilipishana kidogo sana. Mtu anayetaka shahada angechagua ile iliyo juu kidogo na kuomba Mungu. Mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama nyuma yake, nilishaichagua kimoyomoyo. Binti huyu akageuka, akamtazama mzee usoni, akamwambia maneno haya:

"Sijui. Na nikikuambia najua, Sura yangu ya Nne ni uongo."

Mmelielewa jibu hilo? Kama swichi imevunjwa kweli, haiwezi kuisikia dawa. Na kama haiisikii dawa, hakuna binadamu anayeweza kuitazama na kusema hii imepewa na hii haikupewa. Kutojua kwake ndiko kulikokuwa ushahidi. Mzee alikuwa amemtegea mtego wa mwisho, mtego ambao mwenye tamaa angeingia kwa miguu yote miwili, na yeye akasimama pembeni yake akauonyesha kwa kidole. Nimefundisha maisha yangu yote, na sijasikia jibu zuri kuliko hilo kutoka kwa mtu yeyote, mwenye nywele nyeusi wala mwenye mvi.

Mzee akavua miwani. Akaipangusa. Akaivaa. Na akasema neno moja tu: "Rudia."

Hakuwa anajua, maskini, kwamba hilo ndilo jina la mtu. Maabara nzima ilipasuka kwa kicheko, mpaka na yeye akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Na ikarudiwa. Alichora michoro mipya, akavichanganya visahani upya, na jibu likawa lilelile. Jopo likakaa, na Sura ya Nne ikabaki, haikupunguzwa hata nukta. Tangu siku hiyo kuna watu wa fani yetu, wenye majina makubwa kuliko yetu, wameanza kuzifungua zile namba zao zilizofichwa kabla ya kugawanya. Wanafunzi wangu, mnaokaa nyuma mkidhani siwaoni, na ninyi mzifungue zenu.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya niringe mbele ya Makamu Mkuu. Siku ile, mtahini akiwa ameshavua lile koti lililombana, alimsogelea Rudia akamwambia kwa sauti ya chini, "Naomba plazmidi yako." Kwa wageni, hilo linaweza kusikika kama kuomba kalamu. Kwetu sisi si dogo. Mtaalamu anaweza kukusifu kwa adabu tu, anaweza kukupitisha mtihani kwa kukosa hoja. Lakini akiomba plazmidi uliyoitengeneza kwa mikono yako, maana yake anataka kuiweka kwenye maabara yake, na juu yake ajenge kazi yake mwenyewe. Kuna imani kubwa kuliko hiyo?

Na huyu mkaidi wangu alimnyima. Alimwambia, "Nitakupa nikishakuwa daktari." Nilitaka ardhi inimeze.

Mheshimiwa Makamu Mkuu, asubuhi hii, mbele ya umati, umemvisha kofia kwa mikono yako. Kwa hiyo deni limefika siku yake. Plazmidi haisafiri kwa sanduku. Tone lake linakaushwa kwenye kipande cha karatasi ya kuchujia, halionekani kwa macho, na unalizungushia duara la penseli ili anayepokea ajue pa kukata. Kipande hicho anacho mkononi sasa hivi, pale alipokaa, na nimemwona anakitazama tangu nianze kuzungumza.

Namshukuru kila aliyefika, kila aliyempikia, kila aliyemwombea, na kila aliyemsumbua, kwa kuwa hata huyo alimsaidia. Mmenipa masikio yenu zaidi ya nilivyostahili, nami nasema asanteni sana.

Mzee wangu, simama, tafadhali. Na wewe, Daktari, mpelekee.